Anikute Nimeinama

Ukiniambia nikuchoree uso wa Mwinjilisti, nitakwama. Lakini mgongo wake! Huo nitakuchorea hata nikiwa nimefumba macho. Mpana, umekunjika kiunoni, shati la kaki limepanda na kuacha kipande cha ngozi kinachong'aa kwa jasho. Miaka yote niliyokaa jirani naye kule Muleba, ukipita asubuhi unamkuta ameinama: anapalilia, anafagia uwanja wa kanisa, anamtoa funza mtoto wa mtu, anamchambulia maharage mjane fulani ambaye macho yameanza kumwishia. Ukimsalimu alikujibu akiwa hukohuko chini, sauti ikatokea kati ya miguu yake. Mgeni mmoja aliwahi kutuuliza kwa huruma kama yule mzee ana ugonjwa wa kiuno.

Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na neno lake, nalo alilisema mara nyingi hata watoto wakaligeuza mchezo: "Akija, anikute nimeinama." Alikuwa akimsema Bwana Yesu. Wengine walimngoja Bwana kwa kuimba, wengine kwa kufunga. Yeye alikuwa amekata shauri kwamba mbingu zikifunguka ghafla, iwe asubuhi, iwe wakati wa chakula, asikutwe amekaa. "Mtumishi aliyekutwa amekaa," alituambia, "atajieleza nini?" Na aliamini kabisa kwamba siku yenyewe iko karibu, pengine leo mchana. Kufa hakukumtisha. Alichokiogopa ni kukutwa kitini.

Mimi niliingia kijiji kile nikiwa bibi harusi, Mkatoliki mtoto wa Wakatoliki, nikaolewa kwenye kibanja kilichopakana na chake. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kahawa inanunuliwa vizuri, watu wanaezua nyasi na kupiga mabati. Kwetu mugole, yaani bibi harusi, hatoki nje ovyo siku za mwanzo, kwa hiyo nilichungulia dunia kupitia upenyo wa mlango, na kitu cha kwanza nilichokiona ni huo mgongo. Mwanamume mzima anafagia uani kwetu! Nikamwita mama mkwe wangu.

"Mae, yule mtumishi amefagia tangu alfajiri. Si apewe hata kiporo cha ndizi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtumishi? Mwanangu, yule ni Mwinjilisti wa Walutheri! Amesikia tuna mugole, akasema mugole asiamke akakuta majani makavu mlangoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye alipoambiwa, alifurahi kupita kiasi. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa lake akatangaza, "Nimehubiri hapa miaka na miaka na hakuna aliyenitambua. Amekuja mugole wa Kikatoliki, siku yake ya pili tu, ameniita mtumishi!" Tangu hapo akaniita Mugole. Nilizaa, nikanenepa, nikaota mvi, na bado nilikuwa Mugole.

Sasa nisije nikakufanya udhani alikuwa mtu wa upole upole, wa sauti ya chini na macho ya kuomba radhi. La hasha! Alikuwa mkali kama pilipili. Mtu akiomba sala ndefu wakati kuna mgonjwa anasubiri kubebwa, alikohoa. Akiendelea, alikohoa zaidi. Mara ya tatu alisema "Amina" kwa niaba yake na kunyanyua mzigo. Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe, lakini hakuna aliyethubutu kuanzisha wimbo mbele yake. Na alikuwa mwepesi wa kucheka, hasa akijicheka mwenyewe.

Habari ya senene, wale panzi wa kijani tunaowala, lazima niiseme. Anayetujua sisi wa Kagera anajua kwamba senene wakishuka, hakuna shule, hakuna baraza, hakuna msiba. Basi asubuhi moja ya Novemba, mvua imekatika, Mwinjilisti yuko mimbarini na somo ni wale wanawali kumi na taa zao. "Kesheni!" anasema. "Hamjui siku wala saa!" Pale pale kitu kikaanguka juu ya Biblia. Tik. Kikaanguka kingine. Akainua macho, watu wote wakainua macho, na madirishani kulikuwa kumegeuka kijani. Mwinjilisti alifunga Biblia. "Wenye busara," akasema, "ni wale waliokuja na vikapu." Kisha akatoka mbio, wa kwanza! Sisi Wakatoliki tuliokuwa tukitoka misa ya alfajiri tulikutana nao uwanjani, tukachanganyika humo humo kwenye majani, waumini wa makanisa mawili tumepiga magoti pamoja kuliko siku nyingine yoyote.

Lakini hilo si jambo nililotaka kulisema. Zamani zile mwanamke ndiye aliyekamata senene, akawanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vikamuuma, akawakaanga, kisha akampelekea mume. Kuwala yeye mwenyewe ilikuwa mwiko. Mwinjilisti aliketi kati yetu wanawake, hapana, hakuketi, alichuchumaa, akanyonyoa senene siku nzima. Wanaume waliopita njiani walimwita kwa majina nisiyoyaandika hapa. Senene walipokaangwa alichota mkono mmoja akampa mkewe mbele ya macho ya watu. Mkewe akaangalia huku na huku, akatia kinywani, akatafuna taratibu. "Watamu?" mume akamuuliza. "Miaka yote hii," mkewe akasema, "mlikuwa mnatuficha!" Mimi nilirudi nyumbani nikala wa kwangu jikoni nimejifungia. Sikuwa na ujasiri wa mbele za watu, lakini kula nilikula.

Pombe hakuigusa, kanisa lake lilikataza. Sisi upande wetu harusi bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, si harusi. Ungedhani angetutenga. Kumbe alikuja siku ya kukamua ndizi, akakunja suruali, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia na majani yake, akakanyaga ndizi pamoja na mashemeji zangu mpaka maji yakatoka matamu kama asali. Akajikaushia miguu, akanywa kibuyu kimoja cha maji yale mabichi, akaaga. "Mimi naondoka yakiwa matamu," akasema. "Yakiharibika yatakuwa yenu." Baba mkwe wangu alikuwa akisema hakuna rubisi nzuri kama ile iliyokanyagwa na Mlutheri.

Ila alikuwa na kasoro moja, na mkewe aliijua kuliko mtu yeyote. Hakukubali kuhudumiwa. Hakukubali kabisa! Ukimpa kiti alikigeuza akakikalisha kikapu chake. Ukimtilia chakula alihamishia nusu kwa jirani yake. Kwetu mgeni akifika hutandikiwa majani mabichi sakafuni, hupewa kahawa ya kutafuna, na akitoka mbali huletewa maji ya miguu. Mwinjilisti ndiye aliyewaletea wote maji ya miguu, akawaosha mwenyewe, hata walevi waliopotea njia. Lakini miguu yake mwenyewe, hapana. Aliiosha kisimani, peke yake.

Mkewe aliniambia siku moja tukiwa tunamenya ndizi, "Mugole, watu wanasema mume wangu ni mnyenyekevu. Unyenyekevu wake umenichosha! Tangu tufunge ndoa sijawahi kumwosha mguu hata mmoja. Nilimsomea habari ya Petro, aliyekataa kuoshwa na Bwana akakemewa. Unajua alinijibu nini? Akasema, 'Petro alikuwa mvuvi, miguu yake ilikuwa na shombo.'"

Tulicheka, lakini niliona kisu kimetulia mkononi mwake kidogo kabla ya kushika ndizi nyingine.

Sasa nifike kwenye siku ya Omukama.

Kati ya kijiji chetu na mlima wa hospitali ya misheni kulikuwa na kinamasi cha mafunjo. Njia ilipita humo kwa kubahatisha. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alifia pale kabla sijaolewa, uchungu umemshika, wabebaji wamezama mpaka mapajani. Kila mwaka mkungu, yaani mtu wa Omukama, mfalme wetu, aliyesimamia kijiji chetu, alitoa amri njia itengenezwe. Kila mwaka kijiji chetu kilisema ni kazi ya kijiji cha ng'ambo, na cha ng'ambo kilisema ni kazi yetu. Mwinjilisti aliyasema hayo kanisani mpaka akachoka. Alikuwa akienda mwenyewe na panga na kutupa magogo mawili matatu, mvua ikija yanazama.

Mwaka ule mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na siku zangu zilikuwa zimekaribia. Kila nilipouangalia mlima ule wa hospitali, nilikuwa nakiangalia kinamasi kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kupita njia ile kabisa.

Ikaingia Majilio, majuma yale ya kungoja ujio wa Bwana. Siku ya gulio Mwinjilisti alipanda juu ya gogo, kama kawaida yake, akapaza sauti: "Omukama naija! Jumapili hii! Itengenezeni njia yake!" Alikuwa akiwaita watu kanisani. Walutheri waliokuwa karibu na gogo walielewa. Lakini fikiria: katika Kihaya chetu Omukama ni Bwana Mungu, na Omukama ni mfalme wetu aliyekaa kikale, yaani jumba lake la kifalme, na ngoma zake na watu wake. Neno ni lile lile moja! Wale wa upande wa samaki na upande wa rubisi walisikia maneno matatu tu: Omukama, anakuja, njia. Muuza rubisi mmoja alitupa kata akakimbia. Mpaka jua linatua habari ilikuwa imefika ng'ambo ya kinamasi na kurudi, sasa ikiwa na mbuzi, na ngoma, na kwamba Omukama anakuja na Mzungu wa Bukoba.

Jumamosi asubuhi, loo! Sijapata kuona. Kijiji chote kiko njiani! Wakatoliki, Walutheri, Waislamu wa pale dukani, wale wasioamini kitu chochote, wenye majembe, wenye mapanga, wanawake wenye vikapu vya udongo. Na ng'ambo ya pili wenzao nao wanakata miti, kila kijiji kinaogopa Omukama asione upande wake ndio mbovu. Magogo yanalazwa, mafunjo yanafungwa mafungu mafungu, udongo unashindiliwa kwa miguu na nyimbo.

Mwinjilisti alifika na jembe lake, akielekea kusafisha uwanja wa kanisa. Mume wangu alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia.

"Kuna nini hapa?" Mwinjilisti akauliza.

"Si wewe ulisema Omukama naija?" wakamjibu. "Inama, waitu, tunachelewa!"

Mume wangu anasema alifungua kinywa, akakifunga. Akawaangalia watu. Akakiangalia kinamasi. Akafungua kinywa tena. Kisha akasema, "Ni kweli, anakuja. Na hapa pangemzamisha." Akainama, akachimba pamoja nao mpaka jioni. Je, alidanganya? Nimebishana na watu wengi juu ya jambo hilo. Mama mkwe alisema ni ujanja mtupu. Mume wangu alisema mtu hawezi kulaumiwa kwa kusema kweli kwa watu wasiosikiliza. Mimi sina neno, kwa sababu jioni ile ile uchungu ulinishika.

Kulipokucha Jumapili mtoto alikuwa bado. Mkunga wetu alinipapasa, akaniinamia, kisha akatoka nje kuzungumza na mama mkwe, na nikasikia mama mkwe akianza kulia kwa sauti ile ile ambayo watu waliniambia alilia nayo kwa binti yake. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Ilibidi hospitali, na ilibidi sasa. Mume wangu alikimbilia kanisani. Mwinjilisti alikuwa amekwisha panda mimbarini, amevaa kanzu. Aliivua hapo hapo. "Somo la leo limetoka," akawaambia watu. "Nifuateni!"

Wakaniweka kwenye machela, wabebaji wanne, Mwinjilisti mmoja wao, mbele. Nililala chali nikiona mbingu tu na ule mgongo. Tukateremka kuelekea kinamasi. Na huko chini, kumbuka, watu wamejipanga! Wamevaa kanzu nyeupe, wanawake wamejifunga nguo za sikukuu, njia yote imetandikwa majani mabichi, ngoma zimewekwa juani zikaze. Wakaona kwa mbali machela inakuja mbio na umati nyuma yake. Nani mwingine angebebwa siku ile? Ngoma zikalia! Vigelegele vikapasuka! Kinamama wakapiga magoti pande zote mbili, wanaume wakavua kofia. "Kasinge, waitu! Kasinge!" Ndivyo anavyoamkiwa Omukama, na waitu ni kama kusema bwana wetu.

Na mimi huyo juu, nguo zimelowa, nimeuma kitambaa, tumbo limesimama kama kilima! Nilidhani nimekwisha kufa na ninaingia mbinguni kwa heshima nisiyostahili.

Waliokuwa mbele waliona kwanza. Nikasikia ngoma ya kwanza ikinyamaza, kisha ya pili. "Mawe, mama yangu! Ni mugole!" Ukimya ukaanza kuteremka njiani mbele yetu, na wabebaji wakapunguza mwendo kama watu walioaibika. Ndipo Mwinjilisti aliponguruma bila kugeuka: "Nani amewaambia mnyamaze? Pigeni! Pigeni tupite!"

Bibi mmoja mzee, Mungu amlaze pema, ndiye aliyeanza. Akapiga kigelegele kimoja kirefu. Ngoma zikarudi, kwa nguvu kuliko mwanzo, na kwa mdundo ule miguu ya wabebaji ikashika kasi. Tulivuka kinamasi. Nilisikia magogo yakilia chini yetu, tok tok tok, makavu, na mume wangu akilia kwa sauti huku anakimbia, kwa sababu tulikuwa tumepita mahali pa dada yake na hakuna aliyezama.

Tulifika wakati bado pana la kufanya. Nilipasuliwa, mtoto akatoka mzima, wa kiume, analalamika. Tukamwita Kaijage. Kwa wepesi tu, maana yake ni "na aje".

Huku nyuma mkungu alikuwa amekaa tangu asubuhi na koti lake zito na mbuzi wa zawadi, akingoja. Kulitumia jina la Omukama kwa uongo halikuwa jambo dogo, ungeweza kufikishwa kikale. Mwinjilisti aliporudi kutoka hospitali, matope mpaka magotini, aliitwa.

"Nani alisema Omukama anakuja?"

"Mimi."

"Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu anakuja."

"Lini?"

"Hilo hakuniambia."

Mkungu alikuwa Mkatoliki mwenzetu na alijua Biblia kidogo. Akauliza njia imepitisha nini leo, akaambiwa. Akaondoka kwenda kuiona mwenyewe, akairukia miguu miwili katikati ya kinamasi kuona kama itatitia. Jioni alimchinja yule mbuzi akala na watu. Na baadaye akapeleka habari kikale kwamba yeye, mkungu, ametengeneza njia nzuri. Omukama akafurahi hata akaja kuiona! Ndiyo, alikuja kweli, na ngoma zake. Unaweza kukisia Mwinjilisti alikuwa wapi. Alikuwa pembeni ya magogo, ndani ya maji, ameinama anafunga fungu la mafunjo lililolegea. Omukama alipita juu yake na hakumwona. Tulipomcheka alisema, "Yule sikuwa namngoja mimi."

Miaka ikaenda. Mkewe akatangulia. Alimlilia waziwazi, kwa sauti, mbele ya wote. Nguvu zikampungua, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Ijuganyondo, pale Bukoba. Kaijage wangu naye alikuwa kijana sasa, amepanga chumba Kashai na kufanya kazi mjini. Ndiye aliyeniletea habari: Mwinjilisti ameanguka, kiuno hakikunjiki tena.

Kiuno hakikunjiki! Nilisimama na jembe mkononi. Kwa mtu mwingine ningesema pole, uzee ndio huo. Lakini huyu?

Nilipanda lori la kahawa mpaka mjini, nikapita kwa Kaijage, akasema atanifuata akitoka kazini. Ijuganyondo nilimkuta binti yake uani, uso umechoka.

"Mama, afadhali umekuja. Ana kidonda mguuni. Daktari amesema kioshwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo mguu utakatwa. Hataki niuguse. Anafunga kitambaa kwenye fimbo anajaribu mwenyewe, haufikii. Jana amenifukuza, mimi mwanawe."

Alikuwa kwenye kijumba cha uani, mlango mfupi wa kizamani. Amekaa kitini. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona kitini. Na kwa mara ya kwanza nilimwona uso vizuri: mdogo, macho makubwa, yamejaa hofu.

"Mugole," akasema. "Unaona Bwana alivyonifanya? Nimengoja miaka yote nimeinama. Sasa anakuja, najua anakuja, na atanikuta nimekaa kama chifu."

Nilitoka, nikaomba beseni, maji ya moto, sabuni. Nikarudi, nikapiga magoti.

"Usiniguse!"

"Tata, baba yangu, siku ile ulinibeba. Nilikuwa juu na wewe chini, watu wananipigia magoti. Nilikataa?"

"Ulikuwa huwezi."

"Na wewe sasa unaweza?"

Kuku aliingia, akatuangalia, akatoka.

"Mama wa huyu," nikasema, nikielekeza kidole uani aliko bintiye, "alikufa hajakuosha mguu hata mmoja. Aliniambia kwa kinywa chake. Aliupenda huo mguu, Tata, na ukamnyima."

Nilijuta ukali wangu, lakini sikuondoka magotini. Yeye alitazama dirishani, akatazama mikono yake. Halafu, taratibu sana, kwa maumivu yaliyomkunja uso mzima, akaunyanyua mguu wake mwenyewe kutoka sakafuni, kidogo tu, kiasi cha beseni kupita chini yake.

Niliosha. Unyayo mgumu, nyufa, zile kucha zilizokanyaga ndizi za harusi zetu. Alilia na akacheka, vyote pamoja. "Maji ni ya moto," alisema, kisha, "Ni mazuri." Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa akiniambia ni mazuri."

Nilikuwa nimeweka mguu mapajani mwangu, povu mpaka kwenye muundi, ndipo mwanamume akaita nje.

"Hodi, waitu!"

Mwinjilisti aliukaza mkono begani kwangu. Nilijua anachofikiri, nami, Mungu wangu, kwa muda kidogo nikafikiri hivyo hivyo. Akajitazama: yuko kitini, mguu umeshikwa na mwanamke wa watu, mikono haina kazi. Yote aliyoyaogopa. Nilidhani atauvuta mguu, nikaushika kisigino kwa nguvu.

"Usiache, Mugole," akasema polepole. "Osha tu."

Kisha akainua kichwa, akajibu kwa ile sauti yake ya mimbarini, mbaya na kubwa kama zamani: "Karibu! Pita, waitu! Utukute hivi hivi!"

Alikuwa Kaijage, mrefu kama baba yake. Na kwa kuwa mlango ule ulikuwa mfupi, ilimbidi ainame ili aingie.